Je, Kinubi Kinaweza Kumlisha Mtoto wa Nyegina?

Mzazi mwenye mtoto anayependa muziki ana swali moja ambalo haachi kuliuliza: hiyo nayo ni kazi? Linaulizwa Nyegina, linaulizwa Bunda na Butiama. Binti anaimba vizuri katika kwaya ya watoto, sikio lake halikosei, na siku moja ameona kwenye simu ya kaka yake mwanamke ameketi nyuma ya chombo kirefu chenye nyuzi nyingi, mikono yote miwili ikicheza, watu wengine themanini wakipiga vinanda na tarumbeta kumzunguka. Anasema, “Mama, nataka kupiga kile.” Mama anamwambia akazane na hisabati.

Mama ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ila swali la binti linastahili jibu kamili, lenye umri wa kuanza, miaka ya kusoma, bei ya chombo na idadi ya nafasi za kazi, ili familia ikikataa ikatae kwa kujua, na ikikubali vilevile.

Muziki wa kutoka mbali si mgeni Nyegina. Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa White Fathers, walifungua misheni hapa mwaka 1911, na ni hapa Nyegina ambapo Julius Nyerere wa Butiama alibatizwa Desemba 1943. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa kijiji hiki wamekuwa wakijifunza nyimbo za sauti nne, wakisoma nota za sol-fa, yaani ule mwandiko wa d, r, m, f, s, l, t tunaouona kwenye karatasi za kwaya. Tutauhitaji ujuzi huo muda si mrefu.

Chombo chenyewe

Okestra ni kundi kubwa la wapigaji wanaosoma muziki mmoja ulioandikwa, kila mmoja na sehemu yake, chini ya mwongozaji mmoja. Nyuzi za kukwaruzwa kwa upinde ndizo nyingi: vayolini, chelo na wenzake. Kisha zumari, tarumbeta, ngoma. Kinubi kwa kawaida ni kimoja, pengine viwili.

Kinubi cha okestra kina nyuzi 47. Kikisimamishwa kinafika karibu mita 1.8 na uzito wake ni kama kilo 40. Mpigaji hukilaza kwenye bega la kulia na kutumia vidole vinne vya kila mkono. Kidole cha mwisho hakitumiki, ni kifupi mno. Nyuzi za chini ni za chuma zilizoviringishwa waya, za kati ni za utumbo wa mnyama uliosokotwa, na za juu kabisa mara nyingi ni nailoni. Ili macho yasipotee, kila uzi wa C hutiwa rangi nyekundu na kila uzi wa F huwa mweusi au wa bluu. Nyuzi zote zikiwa zimekazwa, mvuto wake kwa jumla unakaribia tani moja, na mbao ndizo zinazouhimili usiku na mchana. Ndiyo maana kinubi huzeeka. Ubao wa sauti, yaani ule ubao mwembamba ambao nyuzi huanzia, hupanda taratibu na kuvimba, na baada ya miaka mingi ya kazi hulazimika kubadilishwa.

Uzi hulegea kwa joto, kwa unyevu, kwa kusafirishwa, hata kwa taa za jukwaani. Kwa hiyo mpiga kinubi hufika ukumbini kabla ya wenzake wote. Anachukua ufunguo wake wa kukazia, anaanza uzi wa kwanza, anakaza, anasikiliza, anakwenda wa pili, mpaka wa arobaini na saba. Wenzake wakiingia na kuanza kupasha vyombo vyao, yeye hasikii tena vizuri, kwa hiyo lazima awe amemaliza.

Miguu inayohamisha doh

Watazamaji huangalia mikono. Ugumu mkubwa uko chini, kwenye miguu.

Nyuzi 47 zinatoa sauti saba tu za ngazi, A mpaka G, zikirudiwa juu na chini. Piano ina vitufe vyeusi kwa zile nusu toni za katikati. Kinubi hakina nyuzi nyeusi za namna hiyo. Badala yake kina pedali saba, yaani vikanyagio saba vya miguu, kimoja kwa kila herufi. Mguu wa kushoto una D, C na B. Mguu wa kulia una E, F, G na A. Kila pedali ina vituo vitatu: juu ni flati (sauti imeshuka nusu toni), katikati ni sauti ya kawaida, chini ni shapu (imepanda nusu toni). Ukikanyaga pedali ya F, nyuzi zote za F, kuanzia nene ya chini hadi nyembamba ya juu, hubadilika kwa pamoja, kwa sababu fito zinapita ndani ya nguzo ya kinubi hadi shingoni na kuzungusha visahani vinavyoubana uzi. Ufundi huu wa vituo vitatu ulisajiliwa na Sébastien Érard mwaka 1810, na kinubi cha leo bado kinafuata mpango wake.

Mwanakwaya wa Nyegina ataelewa jambo hili haraka kuliko anavyodhani. Mwalimu wa kwaya akisema “doh ni C”, kisha wimbo unaofuata akasema “doh ni G”, waimbaji wanahama bila kelele. Doh ni ileile, ila imepanda. Kwenye kinubi, kuhama kutoka doh ya C kwenda doh ya G ni pedali moja: F inashushwa kituo kimoja kwa mguu wa kulia ili iwe F shapu. Ukitaka doh ihamie D, unaongeza C kwa mguu wa kushoto. Anayejua sol-fa kwa moyo ameshaelewa kazi ya pedali. Kilichobaki ni kuifanya kwa miguu miwili huku mikono inapiga kitu kingine, kimyakimya, kabla ya pigo lenyewe kufika. Pedali ikichelewa, uzi unalia kwa mlio wa ajabu na ukumbi mzima unasikia.

Kuna mafunzo mengine ambayo hakuna anayeyataja kwa mtoto: kuhesabu kimya. Katika *Symphonie fantastique* ya mtunzi Hector Berlioz, ya mwaka 1830, vinubi vinalia katika sehemu ya pili tu kati ya sehemu tano. Muda mwingine wote mpigaji ameketi mbele ya watu, mgongo wima. Na katika kazi nyingine anaweza kungoja zaidi ya pigo mia, kisha aingie peke yake, sauti yake ikiwa uchi. Akikosa hesabu, hana pa kujificha. Hakuna mwenzake wa kumfuata.

*Kwa ufupi:* mpiga kinubi wa okestra anajifunza mambo manne pamoja: vidole vinane, pedali saba, sikio la kukaza nyuzi mwenyewe, na subira ya kuhesabu.

Litungu, ndugu wa karibu

Mkoa wa Mara una watu walioishi na nyuzi kwa vizazi. Wakurya wa Tarime na Serengeti wana litungu. Wajaluo wa Rorya wana nyatiti. Ng’ambo ya mpaka Wakisii wana obokano. Vyote vitatu vina nyuzi nane. Bakuli la mti limevikwa ngozi, mikono miwili ya mti imeinuka kutoka kwenye bakuli, na juu yake umelazwa mti mmoja ambao nyuzi hufungwa. Kwa umbo, chombo alichopiga Daudi mbele ya Sauli kilikuwa karibu zaidi na litungu kuliko na hicho cha nyuzi 47.

Tazama mpigaji wa nyatiti anavyokaa. Kigoda kifupi, chombo kimelazwa ubavuni mwa mguu, nyuzi nne za mkono huu na nne za mkono ule. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo anagonga mti wa chombo kuweka mapigo. Juu ya kifundo kuna njuga. Mikono inafanya kazi mbili tofauti, mguu unafanya ya tatu, na mdomo unaimba maneno anayoyatunga palepale kwa kuangalia nani ameketi mbele yake. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za kano za ng’ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ile inayouzwa madukani kwa wavuvi wa ziwa. Kuzikaza ni kuzungusha pete za kitambaa zilizofungwa kwenye mti wa juu, kidogo kidogo, mpaka sikio likubali.

Naomba msomaji alipime jambo hili kwa uzito wake. Mtoto aliyekulia karibu na mzee wa litungu ameshafundishwa kukaza nyuzi bila mashine, kutenganisha mikono, kushirikisha mguu, na kumsindikiza mwimbaji bila kumfunika. Chuo cha muziki cha Ulaya hutumia miaka kuyafundisha hayo. Tumezoea kumwita mzee huyo “mtu wa ngoma”, tunamtuza noti harusini au kwenye mkutano wa hadhara, kisha tunasema hapa kwetu hakuna mwalimu wa muziki. Yupo. Hajui kusoma nota za mistari mitano, zile zinazotumiwa na okestra, hilo ni kweli, na okestra inadai mistari mitano. Lakini mistari mitano inafundishika kwa mwaka mmoja. Sikio linachukua utoto mzima.

Mtu mmoja alionyesha kwamba nyatiti inaweza kubeba maisha ya mwanamuziki hata nje ya mipaka yetu. Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band jijini Nairobi. Miaka ya 1980 alikwenda Uingereza na kupiga nyatiti yake kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za London, kabla ya kurekodi albamu *En Mana Kuoyo* mwaka 1993. Wimbo wake “Kothbiro” ulitumika katika filamu *The Constant Gardener* ya mwaka 2005. Alifariki 2019.

Afrika Mashariki ilikuwa na mpiga kinubi wa ikulu

Buganda walikuwa na nafasi ya kazi ya kudumu kwa mpiga kinubi muda mrefu kabla ya okestra yoyote kufika huku. Ennanga, kinubi chenye shingo iliyopinda na nyuzi nane, kilipigwa kwa Kabaka na mtu aliyeitwa omulanga. Ikulu ya Mengo ilikuwa na makundi ya wapiga zumari, ngoma na marimba waliopokezana kwa zamu, na omulanga alikuwa na nafasi yake ya heshima karibu na mfalme. Temusewo Mukasa ndiye anayekumbukwa kama bingwa wa mwisho wa kazi hiyo.

Mei 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yalivamia ikulu, Kabaka akakimbilia uhamishoni, mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wanamuziki walitawanyika. Hao hawakupungukiwa ufundi wala nidhamu; mwajiri ndiye aliyeondoka. Waliobaki, kama Evaristo Muyinda na Albert Ssempeke, walihamishia ujuzi wao kwa wanafunzi na watafiti ili usizikwe. Kwa mzazi anayeuliza kama kinubi kinalisha, hilo ni la kukumbuka: chombo hulisha pale tu penye taasisi inayolipa.

Uganda hiyohiyo imetoa njia nyingine. Waaluri wa kaskazini-magharibi wana adungu, kinubi cha shingo iliyopinda, na mafundi wameanza kukitengeneza kwa ukubwa tofauti, kuanzia kidogo cha sauti ya soprano hadi kile cha besi ambacho mpigaji huketi au kusimama nyuma yake. Kikikazwa kwa d, r, m, f, s, l, t, shule na makanisa hupanga seti nzima za adungu kama kwaya ya sauti nne. Hiyo ni okestra ya vinubi, imetengenezwa kwa mti na ngozi, na bei yake iko mbali sana na ile ya kinubi cha Ulaya.

Pwani nako kuna kanuni ya taarabu, yenye nyuzi zaidi ya sabini zilizolazwa juu ya magoti, na vishikizo vidogo vya chuma vinavyopandisha na kushusha sauti. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905, na tangu 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe, kinaifundisha kanuni darasani.

Safari ya mpigaji mmoja

Tumfuate mtu mmoja halisi, kwa sababu orodha ya vyuo haimwonyeshi mzazi maisha yanavyokwenda.

Ann Hobson Pilot alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1943, katika familia ya Wamarekani weusi. Mama yake alikuwa mpiga piano, na akamwanzishia piano akiwa mdogo. Kinubi alikigusa akiwa na miaka 14, shuleni, kwa sababu shule yake ya sekondari ya serikali ilikuwa na kinubi. Naliweka hili wazi: familia haikununua kinubi ili mtoto ajaribu. Chombo kilikuwa cha shule.

Kutoka hapo alisoma chuo cha muziki cha Cleveland chini ya Alice Chalifoux, aliyekuwa mpiga kinubi wa okestra ya mji huo. Mwaka 1966 alipata nafasi Washington, kwenye National Symphony. Mwaka 1969 akaingia Boston Symphony, na 1980 akawa mpiga kinubi mkuu, nafasi aliyoishika hadi 2009. Miaka arobaini ndani ya okestra moja. Alipokuwa anastaafu, John Williams, yule mtunzi wa muziki wa filamu, alimtungia kazi ya kinubi na okestra. Katikati ya maisha yake ya kazi alisafiri hadi kusini mwa Afrika, Kalahari, kutafuta ndugu wa kale wa chombo chake.

Umri wa 14 unashangaza, maana wengi huanza wakiwa na miaka sita au minane, kwa kinubi kidogo chenye vishikizo vya mkono badala ya pedali. Piano ndiyo iliyomwokoa. Alipofika kwenye kinubi alikuwa anasoma muziki kama tunavyosoma gazeti.

Baada ya chuo, ambacho ni miaka minne na mara nyingi miwili zaidi, kuna usaili. Mwombaji anapiga vipande vilevile vinavyojulikana dunia nzima, kwa mfano kile kipande cha kinubi peke yake karibu na mwanzo wa “Waltz ya Maua” ya Tchaikovsky, kutoka *The Nutcracker* ya 1892. Kwenye okestra nyingi kubwa anapiga nyuma ya pazia, waamuzi wasimwone. Ilibidi iwe hivyo. Anna Lelkes alipiga kinubi na Vienna Philharmonic tangu miaka ya 1970 bila kuandikwa mwanachama, kwa kuwa ni mwanamke; walimpokea rasmi 1997. Nasi tusijione wasafi, maana litungu na nyatiti zimehesabiwa kuwa vyombo vya wanaume, hadi Eriko Mukoyama, msichana wa Kijapani aliyepewa jina la Anyango, alipokwenda Siaya kujifunza nyatiti kwa mzee na kuruhusiwa kuipiga hadharani.

Fedha, bila kuficha

Okestra kubwa kabisa za Marekani humlipa mpigaji zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Ukiishia hapo utadanganyika. Simfoni za Mozart na Beethoven hazina kinubi hata kidogo, kwa hiyo okestra inahitaji mpigaji mmoja, na huyo akiipata nafasi anaweza kukaa miaka arobaini, kama tulivyoona. Nafasi moja ikifunguliwa, waombaji hutoka mabara yote.

Kwa hiyo wapiga kinubi wengi hujikimu kwa kuchanganya: kufundisha, harusi, hoteli, kurekodi, kuitwa kwa tamasha moja moja. Maisha hayo yanafanana na ya mpiga kinanda wa Musoma anayepiga parokiani Jumapili, harusini Jumamosi, na studio akiitwa. Ni kazi halali, ila haina mwisho wa mwezi wa uhakika.

Kinubi kipya cha pedali huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kidogo cha vishikizo, cha kujifunzia, hugharimu maelfu machache. Gari la kukibeba ni gharama nyingine, na nyuzi hukatika.

Aanzie wapi, basi?

Binti wa Nyegina mwenye miaka minane hadi kumi na nne, leo, bila kinubi, anaweza kufanya haya:

- Ajifunze kinanda cha kanisani, na ahame kutoka sol-fa kwenda mistari mitano. Mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza ina gredi 1 hadi 8, na gredi za piano zinahesabiwa na vyuo vingi.
- Akae na mzee wa litungu au nyatiti, na ajifunze kukaza nyuzi kwa sikio.
- Akimaliza sekondari, aangalie chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au shahada ya muziki ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyokuwapo tangu 1944.
- Wakati wa kuomba vyuo vya nje, ajue kwamba chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, hakimtozi ada mwanafunzi yeyote aliyekubaliwa, tangu 1928. Ugumu ni kuingia.

Mzazi asiuze ng’ombe kununua kinubi. Chombo kiwe cha shule au cha parokia, kama ilivyokuwa kwa Ann Hobson Pilot, kipigwe na watoto kumi kwa zamu, na fundi seremala wa hapohapo afundishwe kukirekebisha. Shule ikishindwa, seti ya adungu sita za ukubwa tofauti itafundisha sehemu kubwa ya yale yanayohitajika, na ikivunjika mti upo. Ratiba iwe na saa mbili za wiki zinazoheshimiwa, ambazo mwalimu wa somo jingine hazichukui mitihani ikikaribia. Na mzee wa litungu anayekuja kufundisha sikio alipwe kwa saa, kwa kiwango kilekile anacholipwa mwalimu wa tuisheni ya fizikia.